Kikombe Kimeharibika? Usitupe Karatasi: Kutafuta Chanzo cha Kasoro za Sablimesheni

Umefungua mashine ya joto inayohamisha picha kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kikombe, yaani kazi ya sablimesheni, umebandua karatasi, na picha uliyoitarajia haipo. Rangi imepauka, au ina ukungu, au nyeusi imegeuka kahawia. Kabla hujagusa kitufe chochote, ichukue ile karatasi uliyoibandua uilaze mezani kando ya kikombe. Wengi huikunja na kuitupa, kisha huongeza sekunde 30 na kujaribu tena kwa kubahatisha, na kikombe cha pili hufuata cha kwanza. Kikombe kinakuonyesha rangi iliyofika, nayo karatasi inakuonyesha iliyobaki. Ukivisoma vyote viwili kwa pamoja, penye mwanga wa kutosha, kasoro nyingi hujitaja zenyewe.

Ili uweze kuvisoma, kumbuka kinachotokea ndani ya mashine. Wino wa sablimesheni umetengenezwa kwa rangi za jamii ileile inayotumika kutia rangi vitambaa vya poliesta. Ukipata joto la kutosha, kwa kawaida kati ya nyuzi 180 na 205 za Selsiasi, rangi hiyo huacha ugumu wake na kuwa gesi moja kwa moja bila kuyeyuka kuwa maji. Joto hilohilo huulegeza mpako wa poliesta uliofunika kikombe. Gesi inaingia, kikombe kinapoa, mpako unajibana tena na rangi inabaki imefungiwa ndani. Ndiyo maana picha iliyoshika sawasawa haina kingo unazoweza kuzihisi kwa kidole.

Kwa hiyo kila kikombe kilichoharibika nakiuliza maswali manne. Je, gesi ilitoka ya kutosha? Ilitoka kupita kiasi? Ilikwenda ilikotakiwa kwenda? Na ilipofika, ilikuta pa kuingilia?

Rangi imefifia kikombe kizima

Hii ndiyo kasoro inayosumbua wengi na ndiyo yenye vyanzo vingi, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Anza na karatasi. Ikiwa picha juu yake bado ni nzito, karibu kama ilivyotoka kwenye printa, basi joto halikufika au halikukaa. Karatasi iliyofanya kazi yake hubaki na kivuli cha picha kilichopauka. Haibaki nyeupe kabisa, na usijaribu kuifikisha huko; masalio kidogo ni ya kawaida, na anayeyafukuza huishia kuunguza kikombe.

Kwa nini joto lisifike ilhali kioo cha mashine kinasema 190? Kwa sababu namba hiyo inatoka kwenye kitambuzi kilichomo ndani ya mkanda wa joto, ule unaokizunguka kikombe. Kati ya kitambuzi na mpako kuna silikoni, karatasi ya kukinga, karatasi ya picha, halafu keramiki baridi inayovuta joto kuelekea kwake. Kikombe kizito chenye kuta nene huvuta zaidi, na kikombe kilichotoka kwenye chumba cha baridi huvuta zaidi ya hapo. Mashine nyingi hutoa picha nzuri mahali fulani kati ya nyuzi 180 na 200, kwa sekunde 150 hadi 240, kwa kikombe cha kawaida cha mililita 325 hivi. Uwanja huo ni mpana kwa makusudi. Mashine mbili za aina moja, zilizotoka kwenye boksi siku moja, zinaweza kutaka mipangilio tofauti, kwa hiyo namba za jirani yako zichukue kama mahali pa kuanzia tu.

Upo pia utata wa saa. Baadhi ya mashine huanza kuhesabu mara tu unapofunga mkono wa mashine. Nyingine hungoja mkanda urudi kwenye joto lililopangwa, ndipo zihesabu. Sekunde 180 za ile ya kwanza na sekunde 180 za ile ya pili ni mapishi mawili tofauti kabisa. Kaa mbele ya mashine yako mara moja, fuatilia namba zinavyoshuka na kupanda baada ya kuweka kikombe, na uandike kinachotokea. Maelekezo ya watu wengi hayafai kwa sababu hiyo tu.

Dalili nyingine ni kikombe cha kwanza kutoka hafifu, cha pili afadhali, cha tatu kizuri. Hapo mashine ilianza kazi kabla mwili wake haujapata moto. Funga kikombe kibovu ndani yake kwa dakika kadhaa kabla ya kuanza. Kibovu, nasema, kwa sababu mkanda ukipashwa muda mrefu bila kitu ndani unaweza kuungua.

Ukishuku kwamba mashine inadanganya kuhusu joto, tumia vibandiko vinavyobadilika rangi joto linapofika kiwango fulani. Vibandike kwenye kikombe chenyewe, chini ya karatasi. Vile vipimajoto vya bastola vinavyosoma joto kwa mbali vinafaa kwa keramiki na silikoni, ila ukivielekeza kwenye chuma kinachong'aa vitakupa namba ya chini kuliko ukweli. Wengi wamepandisha joto ovyo kwa kuamini namba hiyo.

Sasa upande wa pili: karatasi imepauka kama inavyotakiwa, na kikombe nacho ni hafifu. Hapa joto halina kosa, wala usiliguse. Huenda wino ulikuwa mchache tangu mwanzo: printa ilipangiwa karatasi ya kawaida au ubora wa rasimu. Chapa tena kwa ubora wa juu. Huenda mpako wa kikombe ni mwembamba au mbovu, jambo linalojitokeza ukiweka kikombe cha kundi jingine kwa mipangilio ileile na kikatoka vizuri. Kisha igeuze karatasi uitazame mgongoni. Ukiona wino umepenya na kujitokeza upande wa nyuma, ulichapa upande usio na mpako, ukanywewa na nyuzi za karatasi badala ya kukaa juu. Upande sahihi kwa kawaida ndio mweupe zaidi. Ukiugusa pembeni kwa kidole chenye unyevu kidogo, unanata.

Neno kuhusu oveni. Wanaofunga vikombe kwa vibano vya silikoni na kuvioka kadhaa kwa pamoja wanafanya kazi ileile kwa njia ya hewa ya moto, na hewa ni mvivu kuliko mkanda. Muda wao ni dakika 10 na zaidi, na unarefuka kila wanapoongeza vikombe. Kama vikombe viwili vilitoka vizuri na sita vikatoka hafifu, jibu ni hilo.

Imefifia sehemu moja tu

Hapa mshukiwa wa kwanza ni mbano, na kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko yote. Weka kikombe kingine cha aina hiyohiyo, chapa picha yenye rangi moja iliyojaa, lakini safari hii kigeuze kikombe juu chini ndani ya mashine. Kama sehemu hafifu imebaki upande uleule wa mashine, mkanda una kasoro: silikoni imechakaa, nyaya za joto upande huo zimekufa, au mkono haubani sawa. Kama sehemu hafifu imehama pamoja na kikombe, kikombe chenyewe ndicho chenye tatizo, na kazi ya kufungua mashine umejiepusha nayo.

Vikombe vingi havijanyooka kama mtu anavyodhani. Kitako huwa kinene na kinavuta joto, kwa hiyo ukingo wa chini wa picha hupauka wa kwanza. Mdomo wakati mwingine hupinda nje kidogo, na mkanda haugusi vizuri chini ya mpindo huo. Pima kikombe chako kwa rula kabla ya kubuni picha, halafu acha milimita kadhaa juu na chini. Picha inayotaka kufika ukingoni kabisa inahitaji mkanda mrefu kuliko kikombe, na wengi hatuna. Kwa vikombe vyenye umbo la pia, vipana juu na vyembamba chini, mkanda wa kawaida haufai kwa vyovyote. Tafuta mkanda wa umbo hilo au tumia kibano cha silikoni na oveni.

Karibu na mkono wa kikombe nako ni vilevile. Mkanda hauwezi kuzunguka mkono, na pale unapoishia mbano hulegea. Kikombe cha kawaida kina mzingo wa sentimita 25 hivi, lakini eneo la kuaminika mara nyingi halizidi sentimita 20 na kitu. Sogeza vitu vya maana, hasa nyuso na maandishi, mbali na miisho hiyo.

Kuhusu nguvu ya mbano: ingiza ukanda mwembamba wa karatasi kati ya kikombe na mkanda, funga mashine ikiwa baridi, kisha uvute. Ukitoka bila shida, mbano ni mdogo. Rudia juu, katikati na chini. Mbano ukizidi nao una madhara yake: unachakaza silikoni mapema na hauongezi rangi hata chembe.

Picha ina ukungu au kivuli

Watu huyaita haya kwa jina moja, na kwa kufanya hivyo hutibu ugonjwa usio wao.

Kivuli ni picha ya pili, hafifu, iliyosogea upande mmoja. Maandishi yanaonekana kama yameandikwa mara mbili. Chanzo ni karatasi kusogea ikiwa bado ya moto: tepu ililegea, au mkanda uliisukuma ulipokuwa ukifunga, au uliibandua kwa kusitasita ikagusa tena kikombe. Karatasi pia husinyaa kidogo inapopata joto, kwa hiyo iliyoshikwa na kipande kimoja cha tepu haina pa kujizuia. Ivute ikaze kabisa, ishike kwa tepu inayostahimili joto miisho yote miwili, na ukiweza shika kingo za juu na chini pia. Wakati wa kubandua, vaa glavu, shika mwisho mmoja na uvute kwa mwendo mmoja bila kusimama.

Ukungu ni kitu kingine. Unazunguka kila mstari pande zote, kama wino uliodondoka kwenye kitambaa chenye maji. Hapo gesi ilitanda. Ama muda umezidi, ama joto limezidi, ama karatasi haikugusa kikombe vizuri na gesi ikapata nafasi ya kutembea kabla ya kuingia. Tazama pembeni mwa picha, kwenye mpaka wa karatasi: ukiona rangi imevuka mpaka huo, punguza muda kwa sekunde 15 na ujaribu tena. Kumbuka pia kwamba kukitoa kikombe kwenye mashine hakuizimi gesi. Keramiki huhifadhi joto, na karatasi ikiachwa imefungwa mezani dakika kadhaa rangi inaendelea kutoka. Kikombe kinachobanduliwa mara moja na kile kilichosahauliwa kidogo havitafanana.

Halafu unyevu, ambao hulaumiwa mara chache kuliko unavyostahili. Karatasi ya sablimesheni hufyonza unyevu wa hewani. Ikifungwa ndani ya mashine, maji yale yanageuka mvuke, yanatafuta pa kutokea na kuisukuma rangi njiani. Matokeo ni ukungu wenye mabaka, mahali pakali na mahali pameoshwa, bila mpangilio. Kama kasoro huja siku za mvua na kupotea siku za jua, huna haja ya ushahidi mwingine. Hifadhi karatasi kwenye mfuko uliofungwa, acha chapa ikauke dakika kadhaa kabla ya kuibana, na kipashe kikombe kitupu joto kidogo ili kitoe unyevu wake.

Nyeusi imekuwa kahawia, nyuso zimekuwa nyekundu

Kwanza, usiihukumu picha ikiwa bado kwenye karatasi. Rangi za sablimesheni kabla ya joto huonekana zimekufa: nyeusi ni kijivu, nyekundu imefifia. Hiyo ndiyo hali yake. Rangi ya kweli huzaliwa kwenye joto.

Ikiwa nyeusi kwenye kikombe imegeuka kahawia, tazama karatasi sehemu zisizo na picha. Karatasi iliyokuwa nyeupe ikiwa na umanjano au rangi ya udongo, umeunguza. Rangi zinazounda nyeusi hazivumilii joto kwa kiwango kimoja, na zikizidishiwa baadhi yake huharibika kabla ya wenzake. Shuka nyuzi 5, au sekunde 20, kimoja tu kati ya hivyo viwili kwa wakati mmoja. Ukivibadilisha vyote pamoja na picha ikapona, hutajua kilichoiponya.

Karatasi ikiwa nyeupe safi na rangi zikawa bado za ajabu, achana na mashine ya joto urudi kwenye kompyuta. Kama printa yako ilitengenezwa kwa wino mwingine, wino wa sablimesheni hauendani na mipangilio iliyokuja nayo. Unahitaji profaili ya rangi, yaani faili la kusahihisha rangi, iliyoandaliwa kwa wino wako na karatasi yako. Na profaili hiyo itumike mahali pamoja tu. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni programu ya picha kurekebisha rangi, kisha printa kuzirekebisha tena juu yake. Nyuso hutoka nyekundu kama zilizoungua na jua. Programu ikishika usukani, zima urekebishaji wa rangi kwenye printa.

Umebadilisha wino hivi karibuni? Profaili ya wino wa zamani haifai kwa mpya, na kuchanganya wino wa watengenezaji wawili kwenye tangi moja ni kujitafutia miezi ya kubahatisha.

Madoa na mistari

Nukta nyeupe zisizo na rangi ni vumbi, nywele au alama za vidole vyenye mafuta. Chochote kilichokaa kati ya karatasi na mpako kiliifungia gesi mlango. Futa kikombe kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, kiache kikauke, na baada ya hapo kishike kwa mkono wake tu. Zikijirudia mahali palepale katika vikombe vya kundi moja, mpako una matundu na kundi hilo lirudi kwa muuzaji.

Nukta za rangi, hasa za buluu, ni nyuzi ndogo zilizonyonya wino mahali fulani na kuangukia kazi yako. Safisha meza, safisha mkanda. Badilisha karatasi ya kukinga kila kikombe, kwani rangi iliyopenya jana ikaingia kwenye karatasi hiyo itapanda tena gesi leo na kutua kwenye kikombe cha mteja mwingine.

Alama ya mstatili hafifu ni ya tepu: ama ilikaa juu ya picha, ama gundi yake haikuwa ya joto hilo.

Mistari iliyonyooka inayoikata picha haina uhusiano na joto. Ilikuwepo kwenye karatasi hata kabla hujaiweka. Chapa ukurasa wa kukagua matundu ya kichwa cha printa, safisha, chapa tena. Printa iliyokaa wiki bila kazi huziba, na kuchapa ukurasa mdogo wa rangi zote kila siku chache kunazuia hilo.

Haikushika kabisa, au imefutika kwa kidole

Hapa mlango haupo. Kikombe cha jikoni cha kawaida kina glezi, yaani tabaka la juu linalong'aa, ya kioo, na kioo hakipokei rangi hii hata ukikipika mchana kutwa. Au printa ina wino wa kawaida, ambao haugeuki gesi: hukauka, hubabuka, huoshwa na maji. Angalia vilevile aina ya printa. Zile zinazosukuma wino kwa kuuchemsha ndani ya kichwa hazifai. Zinazofaa ni zile zinazousukuma kwa mtikisiko, kama za Epson.

Na kama kikombe ni cheusi au cha rangi nzito, picha ipo ila huioni. Rangi za sablimesheni ni angavu, hazifuniki kilicho chini yake, na nyeupe haimo kati ya wino hizo. Nyeupe ya picha yako ni nyeupe ya kikombe.

Kuna na kosa la maandishi kutoka kinyume. Picha haikugeuzwa kama kwenye kioo kabla ya kuchapwa. Hutokea kwa wazoefu, siku ya kazi nyingi.

Karatasi imeganda, mpako umebabuka, kikombe kimepasuka

Karatasi iliyoganda hadi ikachanika inasema mpako umelainika kupita kiasi: joto au mbano vimezidi, au mpako ni dhaifu. Vikombe vinavyobadilika rangi kwa maji ya moto huharibika kirahisi zaidi, kwa hiyo fuata kiwango cha mtengenezaji wake na anzia chini.

Kupasuka ni mshtuko wa joto. Wapo wanaokitumbukiza kikombe cha moto majini ili kuisimamisha gesi. Maji ya uvuguvugu baadhi ya vikombe huyavumilia. Maji baridi sitamshauri mtu yeyote, kwa kuwa ufa usioonekana leo unaweza kufunguka siku mtu atakapomimina chai mapajani mwake. Bandua karatasi haraka, kiweke kikombe juu ya kitu kisicho baridi, mbali na upepo, kipoe chenyewe. Fungua dirisha pia; mvuke wa rangi si wa kuvutwa siku nzima.

Picha ilikuwa nzuri, imepauka baada ya kuoshwa

Ukipata lalamiko hili, uliza kwanza kikombe kinaoshwaje. Mashine ya kuoshea vyombo, kwa maji yake ya moto na sabuni kali, huula mpako laini mapema kuliko mkono na sifongo. Jua la dirishani nalo hupausha rangi. Lakini kama kimeoshwa kwa mkono mara chache tu, kosa ni lako: rangi ilikaa juu juu kwa sababu muda ulikuwa mfupi. Picha ya namna hiyo hupendeza ikitoka mashinani, na ndiyo sababu kila mpangilio mpya ninaujaribu kwa kuosha na kusugua kikombe kimoja kwa siku kadhaa kabla sijamkabidhi mtu.

Kikombe kilichoharibika kinaweza kuokolewa?

Kama karatasi haijabanduliwa na hujaigusa, ndiyo: kirudishe mashinani ukimalizie muda. Ikishabanduliwa haiwezekani kuirudisha ilipokuwa, hata kwa jicho kali kiasi gani, na utapata kivuli.

Hata hivyo usikitupe. Kifungie karatasi tupu ya sablimesheni, kiweke mashinani kwa muda wa kawaida, ubandue. Rangi iliyomo ndani ya mpako itapanda tena gesi na sehemu yake itahamia kwenye karatasi. Palipochukua rangi nyingi, joto na mbano vinafika. Palipobaki peupe ilhali kikombe kina rangi, ndipo mashine yako isipogusa. Nina vikombe vitatu vya namna hiyo rafuni, na mkanda mpya haufanyi kazi yoyote kwangu kabla haujapita kwenye hivyo vitatu.